Kwa Nini Besi Isiwe Moja

Kukunja shuka la sita kwa sita ukiwa peke yako ni kazi ya aibu. Unabana ncha mbili kwa kidevu, unatanua mikono mpaka mabega yanalalamika, na bado upande wa chini unaburura kwenye vumbi jekundu. Vumbi la mtaa wetu wa Katubuka likishika kitu cheupe halitoki bila ugomvi. Ukimaliza unakuwa na bonge, si shuka. Unalisukumia kabatini na kufunga mlango haraka kabla halijadondoka.

Kitanda chenyewe nilikinunua Dodoma nilipoolewa. Ndoa ilipokwisha mume alibaki na nyumba, mimi nikabaki na kitanda, na nilipohamishiwa Kigoma nilikuja nacho kwenye behewa la mizigo. Vijana waliokibeba kutoka stesheni waliuliza shemeji anafika lini. Niliwaambia wabebe kitanda, wasibebe habari. Kilipoingia chumbani ilibaki nafasi ya meza moja, kiti kimoja na njia ya kupita kwa ubavu. Ningeweza kukiuza nikanunua kidogo, ila mimi ni mkaidi, na mkaidi hapungukiwi sababu.

Nafundisha hesabu katika sekondari moja upande wa Gungu. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini, mitano kati ya hiyo hapa Kigoma, na wanafunzi walikuwa wananiogopa kuliko mtihani wenyewe. Nilijivunia hilo. Kengele ya mwisho ikigonga nilikuwa napanda bodaboda, nashuka sokoni, nanunua fungu la migebuka. Samaki wanauzwa kwa mafungu, na fungu ni la familia. Muuzaji hakuwahi kukubali kunivunjia, akisema atakayebaki atamuuzia nani. Basi nilikula mgebuka Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi nikamla kwa sababu sikutaka kumtupa. Sitazunguka: nilikuwa mpweke. Tena nilikuwa nimeuzoea upweke wangu mpaka nikauhesabu kuwa tabia njema.

Mwanamke aliyenitoa huko alikuwa mpishi wa shule. Jiko letu limejengwa jirani kabisa na darasa la Kidato cha Tatu, na dirisha la darasa halina kioo. Mimi nilidhani sauti yangu inaishia kwa wanafunzi. Kumbe kulikuwa na mtu anasonga ugali wa watu mia tatu huku anasikiliza.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, ametoka Kasulu, Kiha chake kinajitokeza kila akichangamka. Siku moja aliniletea chai ofisini, akaiweka mezani, hakuondoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, Mwalimu. Leo wale watoto wamekosea wote. Logi ya thelathini na mbili kwa besi mbili. Wamesema kumi na sita."

"Nimesikia walivyosema. Na wewe unasemaje?"

"Ni tano. Wao wamegawa kwa mbili. Swali halijasema gawa. Limeuliza mbili ijizidishe mara ngapi ifike thelathini na mbili."

Nilimtazama yule mama na aproni yake yenye majivu, nikaona haya kwa niaba ya Kidato cha Tatu kizima. Ndivyo logi ilivyo, na sijawahi kusikia ikielezwa vizuri zaidi. Mbili ndiyo besi, yaani namba inayojizidisha. Tano ndiyo kipeo, idadi ya mara. Na logi ni jina jingine tu la kile kipeo pale unapokitafuta: una besi, una jibu, unauliza mara ngapi. Wanafunzi wangu waliyajua majina yote matatu kwa Kiingereza safi, na hawakujua kwamba wameulizwa swali.

Akanieleza mambo yake akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa. Alimaliza kidato cha nne akafeli hesabu, akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli tena. Masomo mengine alikuwa nayo. Chuo alichokitaka, cha maabara, kule Tabora, kilidai hesabu. Alikuwa ameshajiandikisha kwa mara ya tatu, mtihani Novemba. "Nikikosa hii, Mwalimu, naacha. Nitakuwa mpishi, basi. Si kazi mbaya, lakini siyo niliyoitaka."

Nikamwambia aje kwangu Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa msaada. Ukweli ni kwamba chumba changu kilikuwa hakijaingiwa na mgeni tangu vijana wale waweke kitanda.

Jumanne ya kwanza alinikuta uani napigana na shuka. Hakucheka. Aliweka mkoba chini, akanyanyua ncha mbili zilizokuwa zinaburura, akarudi nyuma hatua nne mpaka shuka likanyooka kati yetu.

"Vuta, Mwalimu. Usilionee huruma."

Tukavuta. Tukaunganisha ncha, tukavuta tena, tukaunganisha. Kisha akanijia, ncha zake zikakutana na zangu, vidole vyake vikagusa vyangu, akarudi akainua mkunjo wa chini, akanijia tena. Mara nne tu, na shuka likawa dogo kama biblia kubwa, pembe zote zimekaa. Nilisimama nimelishika kama mtu aliyepewa zawadi.

Toka siku ile nikawa nafua shuka kila Jumanne. Halikuwa linachafuka kiasi hicho, ni mtu mmoja tu analilalia, tena kwa upande mmoja. Nililifua ili akija alikute kwenye kamba. Nayasema haya sasa kwa sababu umri umenipunguzia aibu.

Alisoma kwa namna iliyonichosha. Mimi nilizoea mwanafunzi anayenakili. Yeye aliuliza. Kitabu cha majedwali ya logi nilichomwazima alikifungua kwa mikono miwili, kidole kikishuka kwenye safu taratibu, na kila akipata namba aliuliza imetoka wapi. Jioni moja tulifika kwenye masharti. Darasani kwangu masharti ni wimbo; napiga kidawati kwa rula, wanaitikia wote: besi iwe kubwa kuliko sifuri, besi isiwe moja, na namba inayotafutiwa logi iwe kubwa kuliko sifuri. Wanaimba mpaka wapita njia wa Gungu wanajua. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, kwa rula hiyo hiyo.

Aliandika masharti yote matatu, akapiga mstari chini ya la pili.

"Kwa nini isiwe moja, Mwalimu?"

"Ni kanuni."

"Ego, ndiyo, ni kanuni. Lakini kwa nini? Moja ni namba nzuri tu. Ni kubwa kuliko sifuri."

"Andika kama ilivyo. Mtihani hautakuuliza kwa nini."

"Mimi ndiye ninayeuliza. Jikoni nikiambiwa hiki kisichanganywe na kile, nauliza, nikijua sababu sisahau. Hili nalisahau kila mara. Nadhani ndilo lililoniangusha."

Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja, halina uzito. Lakini miaka kumi na tisa kazini haikuniruhusu. Nilijua tu kwamba moja imekatazwa, kama mtoto ajuavyo chumba asichoruhusiwa kuingia. Na aliyekuwa ananibana ni mpishi, mwenye kalamu ya kuazima. Ulimi hauna mfupa, na wangu tangu utotoni ulikuwa unatangulia.

"Wewe umekuja kusoma au kunihoji?" nikasema. "Watoto wa miaka kumi na sita wanaelewa bila maswali. Ndiyo maana wewe umefeli mara mbili."

Alifunika daftari, akarudisha kalamu yangu mezani, akaiweka sawa na ukingo wa meza. Akasema, "Asante, Mwalimu, usiku mwema," na hata jua lilikuwa halijazama. Shuka lilibaki kwenye kamba.

Jumanne iliyofuata hakuja. Alhamisi hakuja. Shuleni chai ililetwa kama kawaida, "Shikamoo" ilitolewa kama kawaida, na mimi nikajibu marahaba nikitazama madaftari. Wiki ya pili kitabu cha majedwali kilirudi juu ya sinia, kando ya kikombe. Ndani kulikuwa na kikaratasi: Hesabu nimeacha. Asante kwa muda wako.

Nilikisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Watu wamefelishwa na mitihani. Huyu mimi ndiye niliyekuwa namfelisha, mwezi mmoja na siku chache kabla ya karatasi yenyewe, kwa sababu nilishindwa kusema sijui. Na bado sikwenda kumwomba radhi. Ningemwambia nini? Swali lake lilikuwa bado limesimama, na sikuwa na jibu. Nilitafuta kwenye vitabu vyangu vyote. Vyote viliandika sharti, vikapita mbele upesi kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Jumamosi moja mchana nilifua. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, ule unaopanda kutoka Kibirizi na kupiga milango, na shuka lilikauka kabla sijamaliza kusuuza ndoo. Nikalishusha. Nikabana kidevu, nikatanua mikono, upepo ukanipora, nikaanza upya. Mara ya tatu nilikaa chini kwenye kizingiti na shuka zima mapajani, na nikalia. Sikulia kwa ajili ya logi. Nililia kwa sababu nilikuwa na miaka arobaini na sita na hakukuwa na mtu duniani wa kunishikia ncha ya pili.

Nilipomaliza kulia nililitazama. Lilikuwa tabaka moja. Nikakumbuka tulivyokuwa tunakunja, yeye na mimi: tabaka mbili, nne, nane, kumi na sita. Kila mkunjo unazidisha kwa mbili. Mtu akiingia kabatini akakuta tabaka kumi na sita anaweza kukuambia, bila kuwepo, kwamba shuka hili limekunjwa mara nne. Hiyo ndiyo logi yenyewe. Shuka linakumbuka mara ngapi.

Sasa, nikajiuliza nikiwa nimekaa pale pale, kuzidisha kwa moja ni kufanya nini? Ni kulinyanyua shuka na kulirudisha lilivyo. Nikalinyanyua, nikaliweka. Tabaka moja. Nikalinyanyua tena. Tabaka moja. Mtu akiniuliza nilinyanyue mara ngapi zifike tabaka nane, jibu halipo, hata nikinyanyua mpaka nizeeke. Na akilikuta na tabaka moja akauliza limenyanyuliwa mara ngapi, jibu lolote ni sawa: mara mbili, mara mia, au hakuna aliyeligusa. Swali moja halina jibu, jingine lina majibu yote. Logi inauliza mara ngapi, na moja haiwezi kujibu, kwa kuwa moja haibadiliki kwa lolote unaloifanyia.

Nilisimama. Sikubadili hata gauni. Nikalitia shuka kwenye mfuko wa salfeti, nikasimamisha bodaboda, nikamwambia anipeleke Kasingirima.

Yule mpishi alikuwa amepanga nyuma ya nyumba ya mama mmoja mwenye mashine ya kusaga. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akasema shikamoo, akaniletea kigoda. Hata kwa mtu aliyekutukana, kigoda kinatoka kwanza.

Sikukaa. Nikatoa shuka mfukoni.

"Mdogo wangu, shika huku."

Alinitazama, akatazama shuka. Nadhani aliona nimechanganyikiwa, lakini alishika. Tukavuta. Nikamwambia ahesabu tabaka kila tukikunja, akahesabu, mbili, nne, nane, kumi na sita. Nikamuuliza mara ngapi. Akasema nne. Kisha tukalikunjua lote, nikamwambia: sasa tulizidishe kwa moja. Akasimama na ncha zake mkononi, hafanyi kitu. Nami nikasimama na zangu. Mama wa mashine alichungulia mlangoni akaona wanawake wawili wazima wameshika shuka wanatazamana.

"Tumezidisha mara ngapi?" nikauliza.

Alifikiri. Nikaona uso wake unafunguka polepole.

"Haa! Haiwezekani kujua," akasema. "Mara moja, mara kumi, ni lile lile. Haliachi alama."

"Ndiyo hiyo. Ndiyo maana isiwe moja."

"Na kulikunjua je? Kunatoka kumi na sita, nane, nne. Hiyo ni kuzidisha kwa nusu. Nusu inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Ni kubwa kuliko sifuri, na inabadilisha kitu."

"Na tabaka haziwezi kuwa sifuri, hata ukunjue vipi. Wala chini ya sifuri. Basi sharti la tatu nalo ni hilo hilo shuka." Alicheka peke yake. "Na besi ya hasi, hasi mbili?"

Hilo shuka halikuweza, nikamwandikia chini kwa kijiti: hasi mbili mara moja ni hasi mbili, mara mbili ni nne, mara tatu ni hasi nane. Inarukaruka, mguu huku mguu kule, na ukitaka kusimama katikati, kwenye kipeo cha nusu, hakuna ardhi. Aliifuata michoro ile mchangani kwa kidole. Nikaona ndio wakati.

"Nilikuwa sijui," nikamwambia. "Miaka kumi na tisa naimbisha watoto, sijui. Uliponiuliza nikaona bora nikuumize wewe kuliko niumbuke mimi. Nisamehe."

Aliokota ungo wake, akauweka mapajani, akatoa jiwe kwenye maharage.

"Ungesema tu hujui, Mwalimu," akasema. "Mimi ningengoja."

Hakuna aliyewahi kunichapa kwa upole namna ile. Alirudi Jumanne. Tulisoma hadi Novemba, na kila Jumanne shuka lilikuwa kwenye kamba. Kuna jioni, namba zikikubali na chai ikiwa mezani, nilikuwa napiga hesabu nyingine kimyakimya: akifaulu anaondoka. Nilikuwa na uwezo wa kumfundisha vibaya kidogo tu. Sikufanya, ila wazo lilipita, na sikulifukuza haraka kama inavyopasa.

Matokeo yalitoka akayaona kwenye simu ya mama wa mashine, akaja mbio mpaka Katubuka kunionyesha. Alipata C. Tulipiga vigelegele uani, nikachinja kuku wa kwanza tangu nije Kigoma, na kwa mara ya kwanza fungu la migebuka liliisha siku hiyo hiyo.

Siku moja kabla ya treni yake ya kwenda chuoni Tabora alikuja na nyundo. Baraza yangu ina nguzo mbili za mti, na umbali kati yake ni kama mapana ya shuka. Alinisimamisha katikati, akapima kwa macho usawa wa mabega yangu, akapigilia msumari kwenye nguzo hii na mwingine kwenye ile. Kisha akaomba shuka. Alikuwa ameshona vitanzi viwili kwa kitambaa cha aproni yake ya jikoni, akavishikiza kwenye ncha mbili kwa uzi mweupe, mshono mdogomdogo. Akavitundika kwenye misumari, akanipa ncha nyingine mbili.

"Jaribu, Mwalimu. Vuta. Usilionee huruma."

Nikavuta. Likanyooka kama alivyokuwa ananyoosha yeye. Nikaenda nguzoni, nikaunganisha, nikarudi. Mara nne, tabaka kumi na sita, pembe zote zimekaa. Alipiga makofi. Mimi nilishukuru kwa maneno mengi, maana nikinyamaza ningelia.

Yuko Tabora, mwaka wa pili sasa. Hunipigia Jumapili akiwa na salio. Darasani bado nafundisha masharti, lakini rula nimeiacha. Naleta shuka, naita wawili mbele, na yule anayeuliza kwa nini namwambia akae karibu nami. Nyumbani nafua kila Jumanne. Natundika vitanzi, navuta, naunganisha, narudi, na shuka linaingia kabatini likiwa limekunjwa vizuri kuliko la mwanamke yeyote Katubuka. Misumari inashika vizuri. Ila haiulizi kitu.